Spitali ya Punda Lamu: nyota tano, na nieleze kwanini

Watu wengi wanaokuja Lamu wanapita pale usoni mwa bahari, wanaona ua una punda wamesimama, wengine wana bandeji, wanapiga picha wanaendelea na safari zao. Na nshasikia mpaka wenyeji wakiulizana, kwani pale ni bure kweli au kuna kitu wanataka mwisho wake? Mimi ni mtu wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, kwetu tunafuga punda tangu babu yangu, ndugu zangu mpaka leo wanasomesha watoto kwa kuchukua mchanga na mawe, kwaiyo hii rivyu siandiki kama mpita njia. Ni bure kweli. Matibabu, dawa, dripu, kusafishwa kidonda, kukatwa kwato, dawa ya minyoo, hulipi ata shilingi. Lakini nyota tano siwapi kwa kuwa hawatozi tu, nataka nieleze vizuri huo ubure unafanya nini kwa punda na kwa mwenye punda, maana naona hapo ndipo wengi hawaelewi.

Kwa ambaye hajafika, mji wetu wa kale vichochoro vyake vingine ukikutana na punda mwenye shogi, yale matandiko ya kubebea mizigo mgongoni, lazima uingie barazani kwa watu umpishe. Gari haziingii. UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na kila mtu anasifu zile nyumba za mawe na milango, sawa, lakini mawe yale yanachongwa Maweni kule Manda, yanavushwa kwa jahazi, na yakifika ufuoni ni punda ndo anayapandisha mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba. Mchanga ni punda, chokaa ni punda, boriti, simiti, magunia ya unga ya dukani, mpaka takataka za nyumbani zikitoka ni punda. Wako maelfu kisiwani. Wakimaliza kazi wengi hufunguliwa wakajitafutie, usiku unawakuta kwenye majalala nyuma ya mji, na nusu ya maradhi yao yanatoka huko, ntaeleza.

Spitali ilifunguliwa mwaka 1987. Aliyeileta ni mama mmoja wa Kiingereza, Elisabeth Svendsen, yeye ndo alianzisha shirika la The Donkey Sanctuary kule Devon Uingereza mwaka 1969, akafika Lamu miaka ya 80 akaona hali ya punda wetu, vidonda vya mgongo, minyoo, wengine mifupa mitupu. Amefariki mwaka 2011 lakini kazi haikusimama. Baba yangu anasema wakati ule yeye hakuelewa kabisa mtu atoke Ulaya aje kutibu punda wa watu halafu asitake kitu, akakaa akiangalia kwa mbali, mpaka alipoona jirani yetu anapeleka wake na kurudi naye ndo na yeye akaenda.

Sasa turudi kwenye hili la bure.

Mwenye punda mmoja au wawili anapata hela kwa tiripu. Punda akilala siku moja, siku hiyo nyumbani hakuna kitu. Huyo mtu ukimwambia matibabu ni pesa, ata ziwe kidogo, atafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye watoto angeifanya, atasema ngoja kwanza tuone kesho, na kesho akimkuta punda bado anasimama atasema afadhali, leo yuko sawa. Hapo ndipo punda wengi wanapokufa. Kwa sababu punda hana tabia ya kulalamika kama wanyama wengine, farasi akiumwa tumbo atajigaragaza na kupiga mateke kila mtu ajue, punda atasimama tu kimya, kichwa kimeshuka kidogo, masikio yamelegea, ukimpa mzigo ataubeba. Mpaka aje alale chini mwenyewe jambo limeshakuwa kubwa. Na daktari mmoja pale alinieleza kitu kikaniingia sana, kwamba punda akikaa siku chache bila kula mwili unaanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe kwa wingi mpaka yanajaa kwenye damu, ini linaelemewa, na ata yale maradhi ya kwanza yakipona anaweza kufa kwa hilo la pili. Yani kila siku unayosema ngoja tuone, inahesabika.

Kwaiyo faida ya bure ni kwamba mtu hana sababu ya kungoja. Ukimuona hajamaliza pumba zake asubuhi unampeleka. Ikiwa si kitu, unarudi naye, hujapoteza hela. Ikiwa ni kitu, kimewahiwa. Mimi naamini hii ndo imeokoa punda wengi zaidi kuliko dawa yenyewe, na kama siku moja wataanza kutoza ata shilingi hamsini ya kadi, watu watarudi kwenye ngoja tuone, sina shaka.

Mfano wa nyumbani. Kaka yangu ana dume tunamwita Hodari, mkubwa, rangi ya majivu. Siku moja alikuwa anageuza kichwa anaangalia ubavu wake, anageuza tena, anainua mguu wa nyuma anaurudisha, basi, hakuna kingine. Mama mkubwa akapita akamtazama akasema "mwanangu, punda huyu ukimuata yeo kesho humkuti", yani ukimwacha leo. Akapelekwa. Daktari kwanza hakumgusa, alisimama akamwangalia tu anavyosimama. Kisha akainua mdomo wa juu, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba akaachia, akangojea kuona rangi inarudi kwa upesi gani, akasikiliza tumbo kwa kipimo upande huu na upande huu, kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau kama tuko. Alafu akavaa glovu ile ndefu inayofika begani, akaipaka mafuta, akaingiza mkono kwa nyuma taratibu huku kijana mwingine amemshika Hodari kichwa anamsemesha. Akasema chango limeziba, anahisi kitu kigumu. Wakapitisha mpira puani hadi tumboni, wakammiminia maji na mafuta ya kulainisha, wakampiga sindano ya maumivu, wakamtundikia dripu kwenye mti. Usiku tukaambiwa turudi nyumbani, yeye akabaki.

Kilichokuja kutoka ni fundo la plastiki na kamba za nailoni limekazana na majani, ukubwa wa ngumi mbili, wakatuonyesha kwenye ndoo. Kaka yangu alilishika akaligeuza geuza hakusema kitu. Punda akila plastiki hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu, kilichoingia lazima kipite chote mpaka mwisho au kimuue. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, tarehe 28 Agosti, na tuseme kweli mifuko imepungua sana, mtu wa hapa anayekumbuka jalala lilivyokuwa atakubali. Lakini karatasi za nailoni za kufungia bidhaa bado, nepi bado, kamba za magunia bado, na punda anakula kwa sababu ina harufu ya chakula au ina chumvi na yeye ana njaa. Hilo spitali haiwezi kulimaliza, ni letu wa nyumba kwa nyumba, na la kaunti inayosimamia taka.

Hodari yuko, anafanya kazi, ila siku hizi kaka anamfunga usiku na kumletea majani. Hiyo hakulazimishwa na mtu.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo mimi binafsi nalithamini kuliko yote pale, ni vile wanavyosema na watu. Nshaenda vituo vya serikali vya kutibu binadamu nikasemeshwa kama mtoto mwizi. Pale mtu analeta punda ana kidonda mgongoni kimeoza, mabuu yanatembea, kimepakwa oili chafu ya mashine juu, na kila mtu anaona kwamba huyu amebebeshwa mizigo juu ya kidonda kwa wiki. Mimi ningempigia kelele. Wao wanamwambia karibu, mfunge hapa, amekula leo? Wanaosha kidonda kwa maji ya chumvi, mengi, wanatoa mabuu moja moja kwa koleo, wanakata nyama iliyokufa, na huku wanafanya wanamuita mwenyewe aje aangalie karibu. Wanamwonyesha nyama ile nyekundu mpya inayojaribu kuota pembeni, wanamwambia ukitia oili hapa unaiunguza hii, ukitia majivu yanaganda na uchafu unabaki ndani, ndo maana hakiponi. Watu wetu wanatia oili, wanatia maji ya betri, wanachoma kwa chuma cha moto, si kwa ubaya, ni hivyo walivyofunzwa na waliowatangulia. Alafu wanamwambia lete shogi lako nilione. Wanapitisha mkono chini yake, wanampa mwenyewe apitishe na yeye, asikie lile fundo la kamba linapokaa juu ya mfupa. Mtu akisikia kwa kiganja chake humalizi maneno mengi. Nimemuona mzee wa makamo anakata lile fundo palepale kwa kisu chake na kuuliza afungeje vingine, na wakamwonyesha, watie gunia la katani lililojazwa kitu laini, mgongo wenyewe wa kati uachwe wazi usiguswe, kamba ya chini ya mkia ivikwe kitambaa.

Angetukanwa asingerudi. Na asiporudi, punda ndo anaumia.

Tuna ule msemo, punda afe mzigo wa bwana ufike. Unasemwa kama ni hekima ya kazi. Mimi nimeuchukia tangu utotoni. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo hamsini na huo peke yake unamtosha punda wa kimo cha hawa wetu, lakini kuna watu wanamwekea miwili na kijana amekaa juu. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, kumpiga na kumbebesha kupita kiasi ni kosa, ila ufukweni pale jahazi linapopakuliwa jua kali na tajiri anataka mawe yote kabla maji hayajatoka, hakuna anayekumbuka sheria. Wanaokumbuka ni wale jamaa wa spitali wanaoshuka wenyewe ufuoni kuzungumza na wachukuzi. Na kila mwaka kuna lile shindano lao la punda aliyetunzwa vizuri, watu wanaleta punda wao wanakaguliwa mgongo, kwato, meno, mwili, na mwenye punda bora anapewa zawadi. Ukiona vijana wanavyoosha punda wao baharini siku zile, wanavyojivunia mgongo usio na alama, utajua kwamba hili limeingia. Zamani sifa ya kijana mwenye punda ilikuwa ni nani anashinda mbio za Maulidi, na mbio bado zipo na tunazipenda, lakini sasa kuna sifa nyingine pembeni yake.

Nije kwa wale waliotupwa, maana rivyu nyingi nilizosoma za wageni hazigusi hapo.

Punda akizeeka, meno yakiisha, au jicho moja likiharibika, kuna wenyewe wanamfungua tu. Hawamuui, hawamuuzi, wanamwacha aende zake, na mwenyewe ukimuuliza atasema huyo si wangu tena. Unamkuta anazunguka mitaa ya Kashmir, Wiyoni, Bajuri, watoto wanamrushia mawe, mbwa wanamsumbua, anakula makaratasi. Miaka si mingi iliyopita kulikuwa na jike mmoja mzee sana kule nyuma ya Wiyoni, jicho la kushoto lilikuwa jeupe kabisa, na waya wa seng'enge umemzunguka mguu wa nyuma mpaka umeingia ndani ya ngozi, nyama imefura juu yake, huoni waya tena unaona mfereji tu. Hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. Vijana wa mtaa wakaenda kusema spitali, na sio wao wakaambiwa mleteni, walikuja watu wenyewe na vifaa, wakamtuliza kwa sindano palepale kichochoroni, wakakata waya kwa plaisi vipande vipande. Walipokivuta kile cha mwisho yule mnyama alitetemeka ngozi nzima kisha akatulia. Wakamtembeza pole pole, wakisimama kila akisimama, mpaka kwenye ua wao.

Akakaa pale. Kwa kuwa hana meno ya kusagia walikuwa wanamlowekea pumba kwa maji mpaka inakuwa uji mzito, na analishwa mbali na wengine wasimpore. Huyo punda hana mwenyewe, hawezi kazi, hakuna atakayewashukuru kwa ajili yake. Wapo kina yeye wengi wamepita ua ule, wengine yatima, jike amekufa akizaa na mtoto amebaki, na mtoto wa punda anataka kunyonyeshwa chupa usiku na mchana, mtu anaamka.

Si kila anayepelekwa anapona na mtu asidanganywe. Nimeshuhudia dume amevunjika mguu wa mbele baada ya ngazi na mzigo, mfupa umetoka nje. Daktari alimpiga kwanza sindano ya maumivu, alafu akamchukua mwenyewe pembeni, wakakaa chini kwenye kivuli, akamweleza taratibu kwamba mfupa huu hautashika na yale yatakayofuata ni mateso. Yule bwana akaomba mwanawe aitwe kwanza. Wakamngojea kijana, hakuna aliyemharakisha. Kijana akaja akamshika punda shingo, na ikafanywa hivyo hivyo akiwa amemshika. Naandika hili kwa sababu kuna watu wanaogopa kupeleka punda aliyeumia vibaya wakidhani ataporwa na kuuawa, hapana, mwenyewe anaulizwa, anaelezwa, na anasubiriwa.

Kuna na suala la bei. Zamani punda akikufa ulijikusanya ukanunua mwingine. Tangu machinjio ya punda yalipoanza kufunguliwa Kenya mwaka 2016, ngozi zikipelekwa China kutengenezwa dawa ya ejiao, punda bara walichinjwa na kuibwa kwa wingi, bei ikapanda ikawa mchukuzi wa kawaida hawezi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Serikali ilifunga machinjio 2020, mahakama ikaja ikatengua mwaka uliofuata, mpaka Umoja wa Afrika Februari 2024 ukakubaliana kuzuia biashara hiyo ya ngozi bara zima. Sasa mtu wa Lamu ukimwokolea punda wake mmoja leo, umemwokolea kitu ambacho kesho hawezi kukinunua tena. Mimi nawaambia wale wanaosema pesa hizi za wafadhili zingepelekwa kwa watu, hebu wakae siku moja nje ya lile lango wahesabu ni familia ngapi zimeingia na kutoka.

Mapungufu? Eneo ni dogo kwa mahitaji, hilo lionekane wazi, si kosa lao, mji wenyewe umebanana. Na wao ni wa hisani, wanaendeshwa na michango, kwaiyo haiwezekani wawe kila mahali kila saa. Mtu wa vijiji vya Matondoni au Kipungani anatembea mwendo mrefu na punda mgonjwa, na wa kisiwa kingine cha Pate, kule Siyu na Faza, ndo kabisa, kumvusha punda kwa chombo ni shughuli ya watu wanne na bahari iwe imetulia. Dawa za minyoo zinawafikia huko visiwani kwa safari zao za kuzunguka, lakini dharura ya usiku ni jambo lingine. Hapa mimi lawama siiweki kwao. Kaunti ina idara ya mifugo, ina mapato ya utalii, na picha za punda wetu ndo wanazoweka kwenye kila bango la kuwaita wageni. Wangeweka ata mtu mmoja wa mifugo mwenye mafunzo kila kisiwa na boksi la dawa, mzigo wa spitali hii ungepungua sana. Na bodaboda tangu ziingie kisiwani zimeongeza kazi, punda wa usiku hana taa, na nawajua wenye pikipiki waliogonga wakaondoka.

Kwa wageni wa kutoka nje na ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa mnaokuja likizo, mnaruhusiwa kuingia kuangalia, ingieni kwa adabu, msiwapandishe watoto juu ya punda wagonjwa kwa ajili ya picha, msiwape mikate na biskuti. Mkitaka kusaidia ulizeni palepale wanahitaji nini, pesa ya dawa inasaidia kuliko karoti. Na mkikodi punda wa kupandia Shela au kupelekewa mizigo, angalieni mgongo kwanza, mwambieni kijana afunue shogi. Akiwa na kidonda msimpande, na mwambieni sababu, na mpeni pesa yule ambaye punda wake ni mzima. Kijana anabadilika haraka akiona mteja anachagua kwa mgongo wa punda.

Paka wa Lamu msiwapeleke pale jamani, paka na mbwa wana kliniki yao nyingine hapa kisiwani, na kwa walioko Nairobi kuna KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen ambao wako tangu 1910 na wanapokea ata punda.

Mwenye punda anayesoma hii na hajawahi kwenda, mpeleke asubuhi kabla jua halijakolea, aende mtu anayemjua yule punda na sio mtoto aliyetumwa, kwa sababu utaulizwa amekula nini, amekunya lini mara ya mwisho, amebeba nini jana, na majibu yako ndo nusu ya tiba. Nenda na shogi na kamba zake zote. Usimlazimishe kumeza mafuta ya kupikia kwa chupa ukiwa nyumbani, yanaingia mapafuni. Usimpake kitu kidondani, maji safi ya chumvi yanatosha mpaka ufike. Na akiwa amekanyaga msumari au amechanwa na bati, ata kama kidonda ni kidogo na kimefunga, waambie wampige sindano ya pepopunda, punda ni wepesi sana kushikwa nayo na taya zikishakaza ni vigumu kumrudisha.